Jicho la Tomoko

Katangi,
3 Aprili 2025

Ndanu mwanangu,

Boksi ndilo hili, na salamu zimo ndani pamoja na matunda, kwa hivyo usiseme mama yako amekosa adabu. Ngomoa, yale matunda yetu ya porini, nimeziweka chini kwa sababu ni ngumu. Ukwaju uko kwenye gazeti. Matomoko yako juu kabisa, kila moja limevaa soksi ya marehemu baba yako lisipondeke. Usicheke. Soksi zilikuwa zinakaa bure kabatini, na Wambua mwenyewe hakupenda kitu kiharibike.

Fomu za mkubwa wako Daktari Kabiru nimejaza. Tarehe, aina ya mti, mahali ulipo. Matomoko ni ya ule mti wa nyuma ya bafu unaokunywa maji ya sabuni, nimeliandika hilo pia ili msije mkashangaa. Pale penye "kazi ya mchumaji" nimeandika: mama wa mtafiti.

Watu wa sokoni hawanielewi. Wananiuliza kama ni kweli mtoto wangu alisoma miaka minne chuo kikuu ili achunguze mbegu za kutema. Kavata, huyu fundi wa nguo tunayepakana naye ukuta, yeye anashangaa tu kwamba tunaandikiana Kiswahili kama watu wa redio. Nilimwambia baba yako alinitongoza kwa Kiswahili kwa sababu Kikuyu kilimshinda na mimi Kikamba kilikuwa kinaniteleza, na nyumba ikasimama kwa lugha hiyo hiyo.

Jambo moja. Usinitumie meseji tena. Skrini ya simu yangu imefifia, herufi zinakimbizana humo kama siafu. Tangu homa ya uti wa mgongo ininyang'anye masikio, miaka kumi na miwili sasa, karatasi ndiyo simu yangu na inanitosha. Andika kwa wino mweusi, herufi kubwa, kama ulivyofundishwa darasa la pili.

Mama yako,
Wakiuru


Syokimau,
13 Aprili 2025

Mama mpendwa,

Soksi zimefika salama na zimechekesha maabara nzima. Samahani kwa herufi hizi ndogo na kwa kuandika pande zote mbili, karatasi zimeniishia na duka la hapa chini limefungwa Jumapili.

Nikueleze matunda yako yamefanya nini. Kwanza nyama ya tunda. Tuna maji fulani ya rangi ya zambarau. Ukitia humo maji ya tunda lenye uwezo wa kuukinga mwili usichakae upesi, zambarau inafifia mpaka inakuwa manjano. Ngomoa zako zilifanya hivyo kabla ya dakika tano kuisha. Daktari Kabiru aliniambia nirudie mbele yake, na yeye akisema hivyo ujue amefurahi.

Sasa mbegu. Tunamwaga uji mzito kwenye kisahani, unaganda, tunapanda bakteria juu yake, kisha tunatoboa shimo dogo na kutia maji ya mbegu. Kesho yake tunaangalia. Mbegu ikiwa na nguvu, bakteria wanakufa kuzunguka lile shimo na panabaki duara safi. Sisi hapa hilo duara tunaliita jicho. Mbegu nyingi hazifungui jicho hata kidogo. Mbegu ya tomoko lako, Mama, ilifungua jicho la milimita ishirini na moja. Mwaka huu hakuna mbegu nyingine iliyofungua jicho hivyo. Mwenzangu Mike alikuja kulitazama mara tatu.

Nilitamani ungekuwa hapa ulione. Tuma mengine yakiiva.

Bintiyo,
Ndanu


Katangi,
20 Aprili 2025

Ndanu,

Barua yako nimeisoma, ingawa umeandika kama mtu anayechora nyayo za chungu. Ilinichukua siku mbili, na nilisoma nikiwa nje kwenye jua. Lakini nilipofika kwenye neno jicho nikasimama hapo.

Sasa nijibu mambo mawili, kwa ufupi, herufi kubwa, wino mweusi. La kwanza, ni kweli mbegu ya tomoko inafungua jicho kuliko mbegu zote? La pili, mnaitengeneza vipi mpaka iwe maji? Usiniulize kwa nini nauliza. Mchumaji ana haki ya kujua mizigo yake inafanyiwa nini huko mbele.

Huku kuzuri. Jana nilitia chumvi kwenye chai ya mchungaji, akainywa yote kwa heshima, na Kavata akacheka mpaka akakaa chini. Mukai wa kanisani alipelekwa kupasuliwa mtoto wa jicho mwezi uliopita. Amerudi anaona vibaya kuliko alivyokwenda. Sisi wengine tumeapa kisu hakitagusa macho yetu.

Matomoko yamo humu ndani, kumi na manne. Safari hii sikuyavalisha soksi.

Mama yako


Syokimau,
28 Aprili 2025

MAMA,

NAANDIKA HARAKA, OFISI YA VIFURUSHI INAFUNGA SAA SITA.

NDIYO, NI KWELI. MBEGU YA TOMOKO INAFUNGUA JICHO KULIKO ZOTE. TUMERUDIA MARA TATU.

TUNAANIKA MBEGU, TUNASAGA ZIWE UNGA LAINI, TUNALOWEKA SIKU TATU, TUNACHUJA MARA MBILI. NI KAZI CHAFU, TUNAVAA GLAVU NA MIWANI MIKUBWA YA PLASTIKI, UNGENIONA UNGENIKIMBIA.

DAKTARI KABIRU ANAANDIKA MAKALA. JINA LAKO LITAKUWEMO KWENYE SHUKRANI.

FOMU ZA SAFARI HII ULIZIJAZA VIBAYA. TAREHE UMEIANDIKA JUU YA JINA LA MTI. KUWA MAKINI.

NDANU


Katangi,
11 Mei 2025

Ndanu mwanangu,

Mkono huu si wangu, ni wa Kavata. Nimejikata kidole nikimenya maboga, kwa hivyo mimi nasema na yeye anaandika. Usiwe na wasiwasi. Ninakula, ninalala, na kazi yako inaendelea vizuri kuliko unavyojua. Siku si nyingi nitakuandikia barua mwenyewe, ndefu, na hutahitaji tena kuandika kwa herufi kubwa. Sitasema zaidi. Ni zawadi.

Mama yako,
Wakiuru

Ndanu, hapo juu ndipo maneno ya Mwaitu, yaani mama yako, yameishia. Sasa ninaongea mimi Kavata, na yeye hajui kwamba bado ninaandika. Yuko mbele yangu hapa mezani lakini hanioni.

Kidole chake hakina kitu. Ni macho. Nimegundua kwamba ana ukungu machoni tangu mwaka jana na alikuwa anatuficha sisi wote, akihesabu hatua za kwenda dukani. Mwezi uliopita aliniambia umevumbua dawa, mbegu za matomoko zinafungua jicho, na umemwandikia jinsi ya kuitengeneza. Alinionyesha barua yenyewe. Mimi mwenyewe niliisoma: ndiyo, ni kweli, umerudia mara tatu. Akaanika, akasaga, akaloweka, akachuja kwa kitambaa nilichomkatia mimi. Kila asubuhi na jioni namtilia matone matatu jicho la kulia. Siku mbili hizi ameanza na la kushoto.

Anaumia, Ndanu. Anashika kiti kwa mikono miwili. Nikisita ananishika mkono na kusema, "Weka tu. Hiyo ni dawa ya Ndanu, ikichoma ndio inafanya kazi." Mimi ni fundi wa nguo, nitabishana vipi na maabara? Lakini lile la kulia limekuwa jeupe kama yai lililochemshwa, na la kushoto limevimba halifunguki.

Ninaogopa. Nikisema hapana hasikii, na midomo yangu sasa haioni. Simu yangu iliingia maji na nambari yako ikapotea humo. Piga kwa Jeremy wa duka, nambari yake nimeiandika nyuma. Niambie niendelee au niache. Chupa imebaki nusu.

Kavata


Machakos mjini,
15 Mei 2025

Dada Kavata,

Uliondoka kurudi Katangi kabla daktari hajatoka, kwa hivyo nakuandikia hapa hapa kwenye benchi la wodi, nikijua Jeremy atakufikishia. Asante kwa kumwosha macho bila kusimama tangu nilipopiga simu mpaka gari lilipofika. Daktari anasema bila ndoo zile tusingekuwa na la kuzungumza.

Jicho la kulia limekwenda. Kioo chake cha mbele kimeungua hadi ndani. La kushoto limeungua juu juu, litapona kwa dawa, lakini nyuma yake kuna mtoto wa jicho aliyekomaa. Akipasuliwa mwezi wa saba na mambo yakienda vizuri, ataona. Yasipoenda vizuri, mama yangu hataona wala kusikia, na hata kumwambia kwamba chai iko tayari itabidi kumshika mkono.

Nimekaa naye siku tatu. Ninamwandikia kwa kidole kwenye kiganja, herufi moja moja, kubwa. NI MIMI. UKO HOSPITALI. DAWA IMEKWISHA. Hilo la tatu lilimkasirisha, akafunga ngumi. Nilimfungua vidole kimoja kimoja nikamwandikia kwamba jicho lile ni la kisahani, ni duara la bakteria waliokufa, si jicho la mtu. Ilichukua saa nzima. Alipoelewa hakulia. Aliuliza kwa sauti, wodi nzima ikasikia, "Na ulikuwa unajua hiyo mbegu inaharibu macho?"

Kavata, nilijua. Onyo limebandikwa juu ya mashine ya kusagia tangu mwezi wa pili: unga wa mbegu za tomoko unapofusha, vaa miwani. Mike aliwahi kujifikicha macho akakaa siku nne nyumbani. Nilimwandikia Mama habari za miwani kama mzaha, kwa sababu nilitaka acheke na sikutaka kumchosha na mambo ya sumu. Nimekuwa nikimpa kazi yangu nusu nusu, ile nusu tamu.

Nikamwandikia kwenye kiganja: HAPANA.

Akanipigapiga mkono, akasema, "Basi hukukosea." Naomba usimwambie. Nitamwambia mwenyewe siku moja.

Ndanu


Katangi,
2 Juni 2025

Ndanu,

Mwaitu amekataa kwenda kwako Syokimau, unajua hilo. Yuko hapa, anajua nyumba yake kwa mikono. Dawa za hospitali namtilia mimi. Kila ninapoinua chupa nasoma jina lake mara mbili, kwa sababu mkono ulioweka ile nyingine ni huu huu. Yeye anafungua jicho bila kuuliza ni chupa gani. Hilo ndilo linaniumiza zaidi.

Mambo ya kiganja nimejifunza. Mwanzoni aliniambia naandika kama kuku, sasa ananielewa. Namwambia nani amekufa, nani ameolewa, mvua imefika Kithyoko lakini huku bado. Akimaliza kusikiliza anafunga mkono kama mtu anayefunga mlango.

Juzi aliniuliza kama wewe ulijua. Aliuliza hivi: "Kavata, wewe umesoma barua zote. Ndanu alijua?" Alininyoshea kiganja akangoja. Ndanu, niliushika ule mkono nikashindwa kuandika. Nikamwekea kikombe cha uji. Akanywa, hakuuliza tena.

Mimi si mtu wa kuingilia ya mama na mtoto. Siri yako sitaitoa. Lakini nikuambie ukweli, nimekukasirikia. Mtu ambaye hasikii wala haoni amebaki na mahali pamoja tu pa kuambiwa mambo, napo ni hapo kwenye kiganja. Na hapo ndipo umemwandikia uongo. Mimi sitaandika mwingine juu yake.

Upasuaji ni tarehe kumi na nne Julai. Amekubali. Alisema afadhali kisu kuliko kukaa akikisia.

Kavata


Machakos mjini,
15 Julai 2025

Mama mpendwa,

Barua hii nimemwachia muuguzi Winrose akupe watakapokufungua bandeji na daktari akikubali usome. Nimeandika kwa wino mweusi na herufi kubwa. Kama unaisoma, basi jicho la kushoto limefanya kazi, na mimi nimeshamshukuru Mungu hata kabla ya kujua.

Nisamehe kwa kutokuwepo. Kazini wameniita. Nilikaa nawe jana yote, nikakuandikia kiganjani upasuaji umeisha vizuri, nawe ukanishika kidole usiniache. Nimeondoka ukiwa umelala.

Daktari Kabiru amesimamisha kazi ya matomoko mpaka tuandike onyo kwa kila mchumaji, kwa lugha anayoisoma. Ni mimi niliyeliandika. Nimefuta neno jicho mahali pote. Sasa tunasema duara.

Mama, nimefikiria sana nikuandikie nini siku ya kwanza utakaposoma tena. Ningejua mbegu ile inaunguza macho, ningekuambia siku ile ile. Nataka uamini hivyo. Nataka turudi tulivyokuwa, unitumie boksi na matusi yako, nami nikujibu.

Ninakupenda kuliko ninavyoweza kuandika.

Bintiyo,
Ndanu


Katangi,
24 Julai 2025

Ndanu,

Mkono huu ni wangu. Herufi zinapanda mlima lakini ni zangu.

Walinifungua tarehe kumi na sita, saa tatu asubuhi. Kwanza niliona mwanga, kisha dirisha, kisha meno ya Winrose kwa sababu alikuwa anacheka. Lile la kulia ni giza, nimelizoea. La kushoto daktari anasema ni zuri kuliko alivyotarajia. Nasoma hata maandishi yaliyo kwenye kiberiti. Nililia, na nikaambiwa nisilie, jicho bado bichi.

Barua yako walinipa jioni. Niliisoma polepole kama mtu anayekula akitoka kufunga. Nilisoma mpaka mahali ulipofuta. Uliandika "nilijua," kisha ukakata ile li na kupachika nge juu yake, na wino wa pili ni mzito kuliko wa kwanza. Nimeyasoma maneno yote mawili. Niliipeleka karatasi dirishani nikayasoma tena.

Sina haja ya kumuuliza Kavata. Alipokataa kuandika kwenye kiganja changu nilijua kuna kitu, ila nilikuwa bado na tumaini.

Nimekasirika, Ndanu. Hasira yangu ya jicho si kubwa. Mimi pia nilikuficha. Ningekuambia nina ukungu, ungeniuliza nataka matone ya nini. Hilo ni langu na nitalibeba. Lakini nilikuuliza kwa mdomo wangu, nikiwa gizani na kimya pande zote, nikakupa mkono. Ulikuwa mtu pekee duniani aliyeweza kunifikia saa ile, nawe ukaandika hapana. Nikakupigapiga mkono kukutuliza. Kila nikikumbuka nilivyokutuliza nasikia aibu, na aibu hiyo si yangu.

Usijibu barua hii. Usinitumie maua wala meseji wala Mike. Njoo Jumapili baada ya kanisa. Kavata nimemwambia asiwepo. Utakaa kwenye kiti cha mbele yangu, mahali penye mwanga, nami nitakutazama mdomo. Utasema neno moja, lile la kwanza, bila kulikata. Nina jicho moja, na nataka nikuone ukilisema.

Mama yako,
Wakiuru